Kamera ya mapafu: ganzi tu, sindano ya kusinzia, au nusu kaputi?

GanziKusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Mtwara kuchele.

Kazi yangu ni usingizi, yaani mimi ndiye yule anayekaa upande wa kichwa chako chumba cha upasuaji. Tangu msimu uliopita wa korosho naulizwa swali lile lile na watu wa Newala, Tandahimba, Nachingwea, hata Kilwa: mzee ameandikiwa bronkoskopi (hiyo kamera ya mapafu), je atalazwa au atakuwa anajionea mwenyewe mpira unavyoingia? Likishajibiwa hilo linafuata lile linaloogopwa hasa: akilala, ataamka? Basi naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Kipimo chenyewe ni mpira unaopinda, unene kama milimita 5 au 6, una taa na kamera mwishoni na kitundu cha kunyonyea makohozi au kupitishia kifaa cha kuchukua kinyama. Unaingia puani au mdomoni, unapenya katikati ya nyuzi za sauti, unashuka kwenye koo la hewa hadi matawi ya mapafu. Hufanyiwa anayekohoa damu, mwenye kivuli kisichoeleweka kwenye picha ya kifua, anayeshukiwa kifua kikuu lakini makohozi hayatoki au hayaonyeshi kitu, na aliyepaliwa na kitu kikabaki huko ndani. Mara nyingi hakichukui zaidi ya nusu saa.

Ugumu uko pale kwenye nyuzi za sauti. Tone la maji tu likipotea njia unajua kinachokupata. Sasa sisi tunapitisha mpira mzima. Inabidi tuzime kikohozi na tutulize hofu, na mtego ni kwamba dawa zinazotuliza hivyo viwili ndizo hizo hizo zinazoweza kupunguza pumzi. Mgonjwa wa upasuaji wa mguu pumzi yake ikipungua, njia ya hewa ni yangu peke yangu. Kwenye bronkoskopi nimegawana njia hiyo na daktari wa kifua, na mapafu yenyewe tayari yana kasoro.

Historia kidogo kwa wanaoipenda. Mjerumani Gustav Killian, kule Freiburg mwaka 1897, alimtoa mkulima kipande cha mfupa wa nguruwe kilichonasa kwenye njia ya hewa. Alitumia bomba la chuma lililonyooka, na koo lilitiwa ganzi ya kokeini, ndiyo iliyokuwepo enzi hizo. Mpira unaopinda ulikuja miaka ya 1960 kwa Mjapani Shigeto Ikeda. Kokeini imeondoka, ila ganzi ya koo bado ni nusu ya kazi. Nasema hivi makusudi, maana watu wakisikia habari ya usingizi wanawaza sindano tu.

Ganzi yenyewe siku hizi ni lignokeini. Puani inapakwa ya jeli, kooni inapulizwa ile ya asilimia 10, ambayo kila mpulizo ni miligramu 10. Ni chungu. Baada ya dakika moja mbili unahisi koo limevimba na mate hayamezeki, na hapo ndipo wengi hushtuka wakitaka kuinuka. Koo halijavimba, ni ganzi imeshika; mate yateme kwenye kibakuli, usihangaike kuyameza. Mpira ukifika juu ya nyuzi za sauti daktari anamwaga nyingine kupitia kile kitundu, utakohoa kweli kweli mara moja, halafu panatulia. Anaendelea kumwaga kidogo kidogo kadiri anavyoshuka.

Hapa kuna hesabu ambayo mtu lazima aifanye. Mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20. Mwongozo wa British Thoracic Society (chama cha wataalamu wa kifua Uingereza) wa 2013 unaonya kwamba dalili za sumu huwa za kawaida dozi ikizidi miligramu 9.6 kwa kila kilo ya mgonjwa, na unataka itumike kidogo kadiri inavyowezekana. Mzee wa kilo 50 basi ukomo wake wa hatari ni miligramu 480, sawa na mililita 24 tu za asilimia 2. Ukishampulizia mara kumi kooni umeshatumia 100. Ukijumlisha jeli, ukijumlisha ya kwenye nyuzi za sauti, ukijumlisha anayekohoa kila dakika na daktari akiomba "ongeza kidogo", unaona ilivyo rahisi kupitiliza. Mwenye ini bovu au moyo dhaifu anapitiliza mapema zaidi. Dalili ni masikio kuvuma, kizunguzungu, ladha ya chuma mdomoni, kutetemeka, mwisho degedege na moyo kwenda mrama.

Sindano ya kusinzia inayotumika sana ni midazolamu, ndugu yake valiamu ila haikai mwilini muda mrefu kama valiamu. Inaanza kazi ndani ya dakika chache, inaondoa hofu, na inafuta kumbukumbu. Mgonjwa tunaongea naye, tunamwambia vuta pumzi anavuta, baadaye anaapa kwamba hakusikia chochote. Mwongozo huo huo wa 2013 unataka tangu mwanzo isivutwe kwenye sindano zaidi ya miligramu 5 kwa aliye chini ya miaka 70, na miligramu 2 kwa aliyezidi hapo. Inatolewa kidogo, unasubiri, unaangalia, unaongeza. Wanaoharibu ni wale wasiosubiri.

Midazolamu peke yake haizimi kikohozi vizuri. Ndiyo maana mara nyingi inafuatana na fentanili, dawa ya jamii ya mofini, ambayo ndiyo hasa inayokizima. Zikitumika pamoja mgonjwa anastahimili vizuri zaidi, na mwongozo unasema fentanili itangulie. Lakini zikiwa pamoja pumzi nayo inashuka kuliko ukitoa moja. Uzuri ni kwamba zote mbili zina dawa ya kuzitengua: flumazenili kwa midazolamu, naloksoni kwa fentanili. Tahadhari yake ni kwamba dawa hizo za kutengua huisha nguvu mapema. Mgonjwa anazinduka, mnapongezana, baada ya muda anazama tena. Kwa hiyo aliyetenguliwa haachwi peke yake.

Sasa langu. Kila mtu ananiuliza dawa ipi bora. Mimi ningekuwa mgonjwa ningeuliza ni nani atakayekuwa ananitazama mimi tu wakati daktari anatazama skrini. Kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni ni kizuri, lakini kinachelewa. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni puani anaweza kuacha kupumua, na namba ikaendelea kusoma 98 kwa muda kabla haijaanza kuporomoka. Ikishaanza kuporomoka umeshachelewa. Anayetazama kifua kinavyopanda na kushuka, anayeweka mkono, anayemwita mzee kwa jina lake, huyo anajua mapema. Penye mashine ya kupima hewa chafu inayotoka, ni bora zaidi. Dawa yoyote kati ya hizi mikononi mwa timu yenye mtu huyo ni salama kuliko dawa ghali bila yeye.

Ketamini, propofoli na nusu kaputi nitaeleza mkiuliza, vidole vimechoka.

mkorosho_mkavu

Mkuu Mungu akuzidishie. Mimi niko Tandahimba. Baba yangu ana kikohozi kikavu muda mrefu, kila tukipuliza salfa kwenye mikorosho kinazidi, na makohozi yamepimwa TB hayana kitu. Picha ina kivuli upande wa kulia, tumepewa rufaa ya Dar. Ninachotaka kujua, mzee anakunywa uraka (pombe ya mabibo), na msimu wa mabibo ndiyo usiseme, hadi nipa (gongo ya mabibo) anagusa. Kuna mtu kaniambia mlevi usingizi haumshiki. Ni kweli?

GanziKusini

Kaka, vumbi la salfa linakera njia ya hewa ya mtu yeyote, ila kivuli upande mmoja si jambo la kusingizia salfa, mmefanya vema kufuatilia.

Kuhusu nipa, ni kweli nusu. Mnywaji wa kila siku ubongo wake umezoea kitu kinachofanana kazi na midazolamu, kwa hiyo dozi ya kawaida huenda isimtulize. Daktari anaongeza, anaongeza, halafu ghafla inamzidi. Wengine badala ya kutulia wanachachamaa, wanataka kung'oa mpira. Na ini lililochoka linachelewa kuondoa dawa, lignokeini ikiwemo. Sasa mzee akificha, mtu wa usingizi anaona tu mgonjwa wa ajabu asiyejulikana kwa nini.

Mwambie aseme, na aseme kiasi halisi. Na asikatishe ghafla usiku wa kuamkia safari akidhani anasaidia. Anayekunywa kila siku akiacha kwa mkupuo anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege, na hayo yakitokea mkiwa kwenye basi mtajuta. Waelezeni madaktari mapema, wao watapanga.

Nahodha_Msimbati

Mimi nimefanyiwa kitu hicho, hospitali siitaji. Ganzi tu, sindano hakuna. Nilipouliza nikaambiwa "wewe mwanamume, vumilia". Kapuliza, hata hakungoja, mpira huo. Mimi bahari nimeizoea, nimewahi kupinduka na ngalawa kwenye mkondo wa Msimbati, lakini siku ile ndiyo nilijua kuzama kukoje. Nilimshika daktari mkono nikausukuma. Wakasema mgonjwa hana ushirikiano. Wenzangu msikubali ganzi tupu.

GanziKusini

Pole sana nahodha. Kilichokupata naona ni haraka kuliko ganzi. Lignokeini inahitaji dakika kadhaa kushika, na kuna namna ya kuhakikisha imeshika kabla ya kuendelea. Mtu akipuliza mkono wa kulia na kusukuma kwa kushoto, hata ungepewa sindano ungekohoa tu.

Ile hali ya kuzama nayo ina sababu. Koo lenye ganzi halisikii hewa ikipita, na mpira umechukua nafasi, kwa hiyo ubongo unapiga kelele kwamba hewa hakuna, wakati kidole kinasoma 96. Mgonjwa akielezwa hivyo kabla, na mtu akimshika bega na kumwambia "hewa ipo, pumua taratibu kwa mdomo", nusu ya ile hofu inaisha. Wewe hukuambiwa. Hilo ni kosa lao.

Ila sikubaliani kwamba ganzi tupu ikataliwe. Kuna mwenye mapafu mabovu kiasi kwamba sindano yoyote ya kusinzia ni kumtafutia balaa. Kuna kipimo cha kuangalia tu na kutoka, bila kuchukua kinyama. Kuna asiye na mtu wa kumsindikiza nyumbani. Na wapo wanaochagua wenyewe kubaki macho na wanamaliza salama. Miongozo inachosema ni kwamba mgonjwa apewe nafasi ya kuchagua sindano pale ambapo hakuna kizuizi. "Wewe mwanamume" si kizuizi wala si kipimo.

DaktariKijiweni

Mwanzisha uzi umeeleza vizuri ila umekaa upande wa mambo ya zamani. Wenzetu wameshahamia propofoli. Mgonjwa analala ndani ya dakika moja, kikohozi kinapungua, ukifunga anaamka dakika chache na kichwa chepesi, anaongea, anaenda nyumbani. Midazolamu mtu anapepesuka hadi jioni. Kwa nini huitaji?

GanziKusini

Nilikuwa naisubiri hiyo, daktari.

Propofoli naipenda kuliko wewe, naitumia. Yote uliyosema ni ya kweli: inashika upesi, inatoka upesi, na anayeamka nayo anaamka vizuri. Ubaya wake uko kwenye upesi huo huo. Kutoka kusinzia hadi kuacha kupumua ni hatua moja fupi, na haina dawa ya kuitengua. Ukipitiliza, tiba ni kumpumulia mgonjwa wewe mwenyewe hadi iishe mwilini, wakati njia ya hewa inakaliwa na mpira wa mtu mwingine. Presha nayo inashuka, hasa kwa mzee aliyefunga kula na kunywa tangu jana. Na inachoma mshipani ikiingia, mgonjwa aambiwe.

Kwa hiyo swali langu linabaki lile lile, nani anaitoa? Kama kuna mtu wa usingizi aliyesimama hapo, hana kazi nyingine, ana vifaa vya kuweka mpira wa kupumulia mkononi, basi propofoli ni chaguo zuri sana, hasa kipimo kikiwa kirefu. Kama anayetoa ni muuguzi yule yule anayempa daktari vifaa na kuandika vibandiko vya sampuli, hapana. Hapo nipe midazolamu yangu ya kizamani na flumazenili mfukoni.

Ulaya na Marekani kuna mpya inaitwa remimazolamu, Marekani waliiruhusu mwaka 2020. Ni ya ukoo wa midazolamu lakini inavunjwa haraka na vimeng'enya vya mwili, na flumazenili inaitengua. Kwa maandishi inavutia, imechukua uzuri wa pande zote mbili. Kwa bajeti za kwetu, tuiache kwanza.

DaktariKijiweni

Hapo kwenye muuguzi mmoja kazi tatu umenikamata, sina la kusema. Na deksmedetomidini je?

GanziKusini

Hiyo mgonjwa analala kama usingizi wa kawaida, ukimwita anaamka, ukimwacha anarudi, na pumzi haiguswi sana. Kwa kazi yetu ya kugawana njia ya hewa hiyo ni sifa kubwa. Lakini inapunguza mapigo ya moyo na presha, dozi ya kuanzia inapitishwa polepole kama dakika 10, na kuamka nako kunachukua muda. Na ni ghali. Ikiwepo, kwa mgonjwa ambaye pumzi yake ndiyo wasiwasi wangu mkubwa, ningeifikiria mapema.

Mwera_wa_Rondo

Mbona hamjaitaja ketamini? Au ndiyo ile ya farasi inayowafanya watu waone mizimu? Shangazi yangu Nyangao alichomwa wakati wa kusafishwa kidonda, aliamka anaongea na marehemu babu.

GanziKusini

Farasi wanachomwa, na binadamu wanachomwa, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huku kwetu ketamini imeokoa watu wengi kuliko dawa yoyote ya usingizi ninayoijua, kwa sababu inaacha mgonjwa apumue mwenyewe, haishushi presha, na haidai mitambo mikubwa. Zaidi ya hapo inatanua mirija ya hewa, mwenye pumu inamfaa.

Kwenye bronkoskopi ina kasoro zake. Inaongeza mate, na mate kwenye kamera ni ukungu. Haizimi ule mshtuko wa nyuzi za sauti, wakati mwingine unazidi, kwa hiyo ganzi ya koo lazima iwe kamili. Inapandisha presha na mapigo, kwa mwenye moyo mbovu si salama. Na hayo maono ya shangazi ni ya kweli, huja wakati wa kuamka. Kiasi kidogo cha midazolamu kikitangulia hupunguza, na kuamkia mahali patulivu pasipo kelele kunasaidia pia. Mara nyingi tunaitumia kwa dozi ndogo pamoja na midazolamu au propofoli, kila moja inapungua na madhara yake yanapungua.

Shangazi alimwambiaje babu lakini?

Mwera_wa_Rondo

Alimdai shamba 😂

MamaFetty_Chuno

Jamani mimi naomba kuuliza kwa moyo mzito. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka miwili, alikuwa anatafuna korosho huku anacheka, akapaliwa, akakohoa sana akabadilika rangi, kisha akatulia. Hiyo wiki jana. Sasa anakohoa usiku na anakoroma upande mmoja wa kifua. Picha ya eksirei wamesema safi. Mama yake anaambiwa ni mafua. Na nikisikia habari za mpira puani kwa mtoto nachoka.

GanziKusini

Mama, hili usilisubirishe hata kesho. Arudishwe hospitali leo, na mama yake aseme kwa sauti: alipaliwa na korosho, tangu siku ile hajawa sawa. Korosho na karanga hazionekani kwenye eksirei, kwa hiyo picha safi haimwondolei shaka. Alivyotulia haina maana imetoka. Mara nyingi imeshuka chini ikakaa kwenye tawi moja, ndiyo maana sauti iko upande mmoja. Ikikaa, mafuta yake yanachoma njia ya hewa, panavimba, baadaye nimonia. Akianza kuhema kwa shida au midomo kubadilika rangi, hiyo ni dharura ya dakika ile ile.

Kuhusu usingizi, mtoto kama huyu hafanyiwi kwa ganzi wala kusinzia. Ni nusu kaputi kamili, chumba cha upasuaji, na mara nyingi kwa bomba lile la chuma lililonyooka, maana kupitia hilo unaweza kumpumulia mtoto na kukamata korosho kwa koleo kwa wakati mmoja. Hatasikia wala kukumbuka chochote. Sisi wa usingizi mara nyingi tunapenda abaki anapumua mwenyewe, kwa gesi anayovuta au dawa ya mshipani, kwa sababu ukimpumulia kwa nguvu unaweza kuisukuma ndani zaidi. Ni kazi ngumu, siwezi kukudanganya, ila inafanyika, na kungoja kuna hatari zaidi ya kuifanya.

Na asiendelee kupewa kitu cha kutafuna njiani. Akifika na tumbo tupu kazi inakuwa rahisi.

MamaFetty_Chuno

Nimempigia sasa hivi. Anachukua bajaji. Ahsante baba.

BintMikindani

Swali langu ni la mtu wangu wa karibu. Anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na sasa ameanzishwa za TB, bado wanataka kumpiga kamera. Je, dawa hizo zinagombana na za usingizi?

GanziKusini

Swali zuri sana dada, na wengi hawaliulizi kwa kuona haya.

Inategemea anatumia zipi. Kama kwenye dawa zake kuna ritonaviri, hiyo inazuia ini kuivunja midazolamu, kwa hiyo dozi ndogo inakuwa kubwa na mgonjwa analala kupita ilivyotarajiwa. Fentanili nayo inaguswa. Rifampisini ya TB inafanya kinyume chake, inaliharakisha ini, midazolamu inaisha mapema na mtu anaonekana haishiki. Mwenye vyote viwili ndiyo kabisa huwezi kukisia. Wengi siku hizi wako kwenye mseto wenye dolutegraviri, huo haunisumbui kwenye midazolamu.

Dawa asizikatize. Abebe makopo yote, na ayaonyeshe kwa mtu wa usingizi wakiwa wawili. Tunatunza siri, ndiyo kazi.

Na kwa kina dada wote: rangi nyeusi ya kucha na piko vidoleni vinaweza kukisumbua kile kibanio cha oksijeni. Acha angalau kidole kimoja kitupu.

Ngongo_Stendi

Mimi nafanya kazi stendi hapa Lindi. Naona watu wanapimwa Dar asubuhi, mchana wanapanda basi la kurudi kusini. Kuna ubaya?

GanziKusini

Aliyepigwa ganzi tupu, akishakaa ganzi ikatoka kooni na kupimwa yuko sawa, sina neno kubwa, ingawa ningependa alale Dar usiku huo, hasa kama wamechukua kinyama. Aliyechomwa sindano ya kusinzia, hapana. Saa 24 asiendeshe chochote, boda ikiwemo, asiwashe mashine, asisaini karatasi yoyote ya maana. Nimeona mtu anataka kupitia chama cha msingi kusaini malipo ya korosho siku ile ile. Anaonekana mzima, anaongea vizuri, kesho hakumbuki alisaini nini. Na lazima awe na mtu mzima pamoja naye.

Asile wala kunywa hadi ganzi iishe, kwa kawaida saa moja hadi mbili, na aanze kwa funda la maji akiwa amekaa. Ukila wakati koo limekufa ganzi chakula kinakwenda mapafuni bila kukohoa. Homa kidogo jioni, sauti kukauka, michirizi ya damu kwenye makohozi, hayo huwa yanapita. Damu nyingi, maumivu makali ya kifua au pumzi kubana, arudi hospitali usiku huo huo. Sasa fikiria hayo yamempata yuko Somanga saa nne usiku ndani ya basi.

Nahodha_Msimbati

Mkuu nimesoma yote. Mimi nina kurudia kipimo mwezi ujao, sehemu nyingine. Niwaambie nini ili yasinipate yale yale?

GanziKusini

Waambie yaliyokupata, kwa kirefu, kabla hawajakulaza. Sema unataka sindano kama hakuna kizuizi. Waulize ganzi itangojewa dakika ngapi, na nani atakuwa anatazama pumzi yako. Mkubaliane ishara, kwa mfano ukiinua mkono wa kushoto daktari asimame. Kwa mpira uliopita kwenye nyuzi za sauti huwezi kusema, mkono ndiyo mdomo wako. Timu nzuri haitakasirika kwa maswali hayo. Ikikasirika, umeshapata jibu lako kabla ya mpira.

mkorosho_mkavu

Sisi tunasafiri Jumapili. La mwisho mkuu: mzee ana vidonge vya presha asubuhi, na kile kidogo cha moyo cha kulainisha damu. Anywe au asinywe? Na ana meno ya bandia ya juu.

GanziKusini

Meno yatoke, mpe kikopo chenye kifuniko, yasifungwe kwenye kitambaa yakatupwa. Vidonge vya presha vingi humezwa kama kawaida kwa funda dogo la maji, lakini taja jina la kidonge kwa waliowapa miadi, kuna vichache huahirishwa siku hiyo. Cha kulainisha damu inategemea. Aspirini ndogo mara nyingi huendelea. Klopidogreli huachwa siku kadhaa kabla kama kinyama kitachukuliwa, na hiyo haachishi mtu kwa kichwa chake, wala mimi hapa kwenye uzi. Piga simu kliniki ya moyo kesho asubuhi, kabla hamjakata tiketi, maana kama ni klopidogreli tarehe yenyewe huenda ikasogezwa.

Chakula cha mwisho kiwe masaa 6 kabla ya kipimo, maji matupu mwisho masaa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula, mwambie mapema asije akabisha.

mkorosho_mkavu

Atabisha tu. Nimeiona boksi, imeandikwa klopidogreli. Napiga kesho.